Suti Nyuma ya Mlango

Jumapili moja ya katikati ya Agosti 2025, rafiki yangu wa Delhi alinipigia simu ya video, na kabla hatujamaliza salamu akaigeuza kamera ili nione kilichokuwa kikining'inia nyuma ya mlango wa chumba chake. Ilikuwa suti nyeusi yenye kola ya kusimama, ile ambayo Wahindi huiita bandhgala, ikiwa bado ndani ya mfuko wa nailoni wa fundi, vifungo vyake vimefungwa hadi shingoni kana kwamba kuna mtu ndani yake.

Nikampongeza, kwa kuwa nilijua ni suti ya nini. Watumishi wapya wa serikali ya India huivaa katika hafla rasmi za chuo cha Mussoorie, huko juu kwenye vilima vya Himalaya, ambako hupelekwa kwa mafunzo ya msingi ya takriban wiki 15 kabla ya kila mmoja kwenda kwenye chuo cha fani yake.

Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba hataivaa mwaka huu.

Jina lake lilikuwa limetoka Aprili katika orodha ya waliofaulu mtihani wa kitaifa wa kuingia utumishi wa serikali ya India. Mgao wa kazi ulipofanyika alipewa Huduma ya Mapato, ile inayoitwa kwa kifupi IRS, ambayo baada ya Mussoorie ingempeleka Nagpur kujifunza sheria za kodi. Badala ya kufunga sanduku aliandika barua kuomba aruhusiwe kubaki nje ya mafunzo, ili aukalie tena mtihani ule ule aliokwisha kuufaulu.

"Umeshafaulu, bhaiya," nikamwambia. "Sasa unarudia nini?"

Siku hiyo hakunijibu. Wiki saba zimepita tangu wakati huo, na swali ambalo nililiuliza kwa wepesi limegeuka kuwa langu mimi.

Neno tulilonalo

Huku kwetu kurudia mtihani tunakuita kurisiti, na neno hilo halijawahi kuwa na heshima. Aliyerisiti kidato cha nne ni mtu ambaye matokeo yalimwangusha, akarudi kama mtahiniwa wa kujitegemea huku wenzake wakipita mbele ya nyumba yao na sare za kidato cha tano. Jirani akiuliza habari zake, mama mzazi hujibu kwa sauti ya chini. Ndiyo maana nilishindwa kumweka rafiki yangu mahali pake, kwa sababu sikuwa na neno la mtu anayerisiti kwa sababu amefaulu.

Nilipomsimulia mama, akiwa barazani kwake Tanga anachambua mchele, hakusita hata kidogo.

"Mtaka yote hukosa yote, mwanangu," akasema, akaendelea na mchele wake.

Nilikubaliana naye, tena kwa uchungu wa mtu mwenye kesi yake binafsi. Mimi ni afisa mipango katika halmashauri ambayo sitaitaja, na kabla ya kupata barua ya ajira nilisafiri kwenda kwenye usaili wa utumishi mara nne, nikalala stendi mara mbili, nikapita mchujo, nikapita mahojiano, na bado nikaambiwa jina langu limehifadhiwa kwenye kanzidata. Barua ilipokuja niliripoti kituoni siku tatu kabla ya tarehe. Wazo la kumwandikia mwajiri kwamba ninashukuru, lakini anisubiri kwanza nikajaribu bahati ya kazi kubwa zaidi, halikunijia hata ndotoni.

Kwa hiyo jambo la kwanza nililolihisi, na ninalisema bila kujitetea, lilikuwa hasira.

Ghorofa ya tatu

Nilimfahamu nilipokuwa mwanafunzi Delhi. Tulipanga nyumba moja katika mtaa wa Old Rajinder Nagar, yeye ghorofa ya tatu, mimi ya nne chini ya paa lililotupika kila ilipofika Mei. Kwa kuwa amenizidi umri nilimwita bhaiya, yaani kaka, naye akaniita bhai. Mtaa ule unaishi kwa mtihani kama Kariakoo inavyoishi kwa biashara: maduka ya kutoa nakala za maelezo ya masomo, vyumba vya kusomea ambamo mtu hukodi kiti kwa mwezi, na mabango yenye sura za vijana waliofaulu miaka iliyopita wakitabasamu juu ya nyaya za umeme.

Baadhi ya vyumba hivyo vya kusomea vilikuwa chini ya ardhi. Tarehe 27 Julai 2024, mvua ilipofurika, maji yaliingia katika maktaba ya namna hiyo mtaani hapo na watahiniwa watatu wakafa maji. Usiku ule nilimpigia bhaiya mara kumi na moja kabla hajapokea. Alikuwa mzima, akisoma kwenye jengo la upande wa pili wa barabara. Kesho yake alishiriki maandamano, na keshokutwa akarudi kwenye kiti chake, kwa sababu mtihani mkuu ulikuwa Septemba na hakuna aliyetangaza kwamba utasogezwa.

Kwa mtihani huo wa 2024 waliomba watu 992,599. Waliokwenda kweli kuukalia mchujo walikuwa 583,213. Waliovuka kwenda mtihani mkuu, 14,627. Walioitwa usaili, 2,845. Na waliopendekezwa kupewa kazi, 1,009. Bhaiya alikuwa ndani ya hao 1,009, mahali fulani katika mia tatu na kitu.

Nafasi za Huduma ya Utawala, IAS, ile ambayo mtaa mzima huiota, zilikuwa 180.

Siku 33

Nilianza kupunguza hasira pale nilipoipanga kalenda yake mezani kama ninavyopanga utekelezaji wa miradi kazini. Nilitaka kujua ni lini hasa mtu huyu alikaa chini akaamua kwamba alichokipata hakimtoshi.

Maombi ya mtihani wa 2025 yalifunguliwa 22 Januari na kufungwa Februari. Wakati huo usaili wa mtihani wa 2024 ulikuwa ungali unaendelea, na uliendelea hadi Aprili. Kwa maneno mengine, bhaiya alijaza fomu ya mtihani unaofuata kabla hajajua kama amefaulu uliotangulia, na asingeweza kufanya vinginevyo, maana asiyejaza fomu ile akianguka kwenye usaili hupoteza mwaka mzima. Matokeo yalitoka 22 Aprili. Mchujo mpya ulikuwa 25 Mei. Katikati hapo kuna siku 33, na katika siku hizo alikuwa anajua namba yake kwenye orodha lakini hajui namba hiyo itamnunulia kazi gani, kwa sababu mgao hufanywa baadaye, baada ya serikali kulinganisha vipaumbele vya kila mmoja na nafasi zilizopo.

Mtahiniwa wa kundi la jumla, asiye katika makundi yenye upendeleo wa kisheria, ana majaribio sita tu, na awe hajafikisha miaka 32. Ukikalia karatasi moja ya mchujo, jaribio limehesabiwa, hata kama huendelei. Bhaiya alikuwa ametumia matano. Mwaka huu ana miaka 31.

Alikwenda 25 Mei kwa sababu kila mtu mwenye akili katika hali yake huenda. Akafaulu mchujo. Mgao ulipomfikia ukiwa na herufi IRS, jaribio la sita lilikuwa limekwisha kuliwa nusu, na mtihani mkuu ulikuwa unaanza 22 Agosti, siku zile zile ambazo wenzake walikuwa wakijiandaa kupanda mlima.

Nilikuwa nimemwazia mtu aliyesimama njia panda, akaangalia kushoto na kulia, akachagua tamaa. Kalenda ilinionyesha mtu aliye ndani ya basi ambalo halijawahi kusimama.

Mshahara mmoja

Hata hivyo, basi lina kituo cha kushukia. Kanuni zilimruhusu kwenda Mussoorie na kuuacha mtihani mkuu upite.

Nikarudi kwenye fedha, kama tunavyofanya sote tunapotaka kumwelewa mtu. Hapo nikakuta jambo lililonishangaza: ofisa wa utawala, wa polisi na wa mapato wote huanza na mshahara wa msingi ule ule, rupia 56,100 kwa mwezi. Wote wamepita mtihani mmoja: karatasi tisa za kuandika, ambazo saba kati yake hubeba alama 1,750, kisha usaili wa takriban nusu saa wenye alama 275, jumla 2,025. Alama zilizomtenga bhaiya na mtu wa mwisho aliyepata IAS katika kundi lake zilikuwa ishirini na kitu. Mjumbe mmoja wa jopo akipata chakula kizuri cha mchana anaweza kuzimaliza zote.

Mshahara ni mmoja, basi, lakini kiti si kimoja. Anayeingia IAS, baada ya miaka michache, hukabidhiwa wilaya. Kule huitwa Collector, jina lililobaki tangu enzi za kukusanya kodi ya ardhi kwa niaba ya Waingereza, na mikononi mwake mna kumbukumbu za ardhi, maafa, uchaguzi na amani ya eneo ambalo mara nyingi lina watu zaidi ya milioni moja. Sisi tuna wakuu wa wilaya, lakini wao huteuliwa na Rais. Hakuna kijana wa Korogwe anayejifungia chumbani miaka minane akisoma ili awe mkuu wa wilaya. Kule mlango huo ni mtihani, nao uko wazi kwa mtoto wa mwenye duka la kijijini, na huenda uwazi huo ndio unaomtesa. Mlango uliofungwa hukuacha ulale.

(Taa nyekundu juu ya magari ya wakubwa ziliondolewa India 1 Mei 2017. Sijasikia kwamba idadi ya waombaji ilipungua kwa sababu hiyo.)

Kiti kinachobaki wazi

Kuna hoja nyingine iliyonisumbua zaidi, na hii siwezi kuiondoa kwa kalenda.

Suala hili ni la zamani. Mwaka 1986 serikali ya India ilibadili kanuni za mtihani ili kuwabana waliokwisha kupangiwa kazi wasiendelee kurudi kila mwaka: anayetaka kujaribu tena aombe kubaki nje ya mafunzo, na akikosa, ajiunge na kundi la baadaye, wenzake wakiwa wamemtangulia. Watahiniwa wakaenda mahakamani, na mwaka 1991 Mahakama ya Juu, katika shauri la Mohan Kumar Singhania, ikaiunga mkono serikali. Hoja iliyopita ilikuwa nyepesi kueleweka kwa yeyote aliyewahi kuendesha ofisi: walio mafunzoni walikuwa wakiyapuuza mafunzo, vitabu vya mtihani ujao vikiwa mapajani, na walipohama waliacha nafasi ambazo fedha za umma zilikwisha kuzigharamia.

Nimeisoma hoja hiyo nikiwa mtu wa upande wa pili wa meza. Katika idara yetu tumewahi kupangiwa kijana ambaye tangu siku ya kwanza macho yake yalikuwa kwenye tangazo la ajira la taasisi nyingine. Hakuwa mvivu, ila hakuwahi kufungua faili mpaka mwisho. Alipoondoka baada ya miezi kadhaa, kibali cha kumpata wa kuziba pengo kilichukua muda mrefu kuliko alioufanyia kazi. Kwa hiyo ninapofikiria ofisi ya kodi katika mji fulani wa India ambayo mwaka huu ilipaswa kuhesabiwa ofisa mmoja zaidi, sifikirii kitu cha kinadharia.

Lakini hapo hapo najiuliza: kati ya anayekwenda mafunzoni akiwa na kitabu mapajani na anayesema mapema, kwa barua, kwamba bado hajafika, ni yupi anayeidanganya serikali? Bhaiya angeweza kupanda Mussoorie, akala posho, kisha akaomba likizo isiyo na malipo, kama wanavyofanya wengi. Alichagua njia inayomgharimu mwaka wa kazi bila kumlipa chochote.

Sijapata jibu linaloniridhisha. Siku nyingine naona ni uungwana, na siku nyingine naona ni ubinafsi uliovaa uungwana.

Sura kwenye bango

Kila niliyemweleza habari hii, mwenye kuifahamu India kidogo, alinitajia jina moja: Aditya Srivastava. Matokeo yalipotangazwa 16 Aprili 2024 alikuwa mafunzoni katika chuo cha polisi cha Hyderabad, kwa kuwa mwaka uliotangulia alikuwa wa 236 na akapangiwa polisi. Safari hii alikuwa wa kwanza India nzima, kwa alama 1,099. Picha za wenzake wakimbeba juu juu zilisambaa kila mahali, na ninaamini hadi leo sura yake iko juu ya nyaya za umeme za Old Rajinder Nagar.

Simwonei wivu kijana wa watu, na ushindi wake ni halali yake. Ninachokiogopa ni kazi ambayo picha ile huifanya katika nyumba za wengine. Baba anapoiona haoni mmoja kati ya mamia waliojaribu kupanda ngazi wakabaki walipo. Anaona uthibitisho kwamba nafasi ya mia tatu ni kituo tu cha njiani. Hakuna bango la yule aliyeahirisha mafunzo, akakaa mwaka mzima chumbani, akarudi kwenye huduma ile ile, pengine kwa namba ya chini zaidi, akapewa kitanda bwenini pamoja na waliokuwa wadogo zake.

Bhaiya anawajua wawili wa namna hiyo. Mmoja hapokei simu zake.

Benchi

Mwanzoni mwa Septemba, baada ya karatasi zote kumalizika, alinipigia. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelala siku mbili mfululizo. Safari hii sikumuuliza anarudia nini. Nilimuuliza lini alianza kuitaka kazi ile.

Akanieleza kuhusu benchi. Baba yake ana kesi ya mpaka wa shamba lililoachwa na babu, na faili lake lilikaa katika ofisi ya Collector wa wilaya yao miaka kumi na mmoja. Alipokuwa na miaka tisa alikuwa akimsindikiza baba siku za kuonana na mkubwa. Walikuwa wakikaa kwenye benchi la chuma ukumbini tangu asubuhi, baba amevaa shati lake la harusi, ameishikilia bahasha kwa mikono miwili. Jioni karani hutoka na kuwaambia waje wiki ijayo. Mara moja mlango ulifunguka wakati wakiwa wamekaa, naye akamwona mtu aliyekuwa ndani. Kilichomshtua ni jinsi alivyokuwa kijana.

"Nilifikiri, bhai, kwamba anayeweza kumfanya baba yangu asubiri hivyo lazima awe mzee sana."

Nilitaka kumwambia kwamba hoja hiyo haishiki maji. Ofisa wa IAS hupangiwa jimbo, na jimbo hilo linaweza kuwa mbali na kwao siku mbili kwa treni. Faili la baba halitamfuata huko. Tena kuna mabenchi pia katika ofisi za kodi, na wanaoyakalia nao wana mashati yao ya harusi. Anayajua haya kuliko mimi. Nilipoyasema alicheka, akasema ameyaandika mara nyingi katika karatasi ya maadili, ile ambayo watahiniwa huulizwa ofisa mwadilifu angefanya nini.

Kisha akaniuliza kama ofisini kwangu kuna benchi.

Lipo. Ni la mbao, liko kwenye korido kati ya mipango na ardhi, na kila Jumanne huwa limejaa kabla ya saa mbili. Mimi hulipita nikiwa na chai mkononi. Siku zote nimejihesabu miongoni mwa wasailiwa, mtu wa stendi na kanzidata, na sikumbuki ni lini niliacha kuwa huyo nikawa yule wa ndani ya mlango. Tangu simu ile nimekuwa nikisimama na kuuliza nani anasubiri nini. Si kila Jumanne.

Karafuu

Sasa anasubiri. Akiitwa usaili ataingia tena kwenye jengo lile lile la Delhi, katika nusu saa yenye alama zile zile 275. Akikosa, anatarajia kupanda Mussoorie mwakani na kundi jingine, atakuwa na miaka 32, na fomu zitakuwa zimemwisha. Nilipomuuliza kama ataridhika na kodi, alisema ameanza kusoma sheria ya kodi usiku, kidogo kidogo, bila kumwambia mtu yeyote, na kwamba baadhi ya vifungu vinamvutia. Alilisema kwa aibu, kama anayekiri kwamba amemwangalia mwanamke mwingine.

Suti bado iko nyuma ya mlango. Mvua za mwaka huu zilikuwa nyingi Delhi, na ana hofu kwamba nondo watailia sufu kabla haijavaliwa hata mara moja.

Nilimweleza mama hayo yote juzi, pamoja na habari za shamba na benchi. Nilitegemea methali nyingine. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza kama suti ina mifuko ya ndani, nikamwambia inayo.

"Basi mwambie atie karafuu kwenye kila mfuko," akasema. "Azibadilishe kila mwezi."